Suruali Arobaini za Mguu wa Kushoto

Mlango wa kwanza kufunguka kwenye mtaa wa mafundi ni wa Mama Pindo. Ni mlango wa bati. Ukivutwa unalia kama mbuzi aliyekanyagwa mguu, na hapo mtaa mzima unajua kumekucha.

Mama Pindo ni fundi cherehani. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu pindo lake halifumuki. Utaivaa suruali mpaka itoboke magotini, pindo bado lipo palepale. Chumba chake cha kazi ni kidogo. Kuna cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, pasi, na kioo cha wateja kilichopasuka kona moja. Ukuta wa mbele, kwa nje, ulikuwa wa kijani, kijani kile cha kuumiza macho. Ulipakwa bure na kampuni ya kubeti. Walikuja mwaka jana na ndoo zao, wakaomba ukuta tu, wakaandika KARIBU USHINDE kwa herufi kubwa kuliko za jina la duka. Mama Pindo alifurahi. Rangi ni ghali, na ya bure nani anaikataa?

Ile meza ndefu ni ya mdogo wake. Mtaani wanamwita Mkasi. Dada anashona, mdogo anakata. Wazazi wao walifariki mapema, kwa hiyo Mama Pindo ndiye aliyemlea, akamfundisha kushika chaki ya fundi kabla hajajua kushika kalamu vizuri. Na Mkasi alikuwa na jicho, usiniambie. Ukiingia tu mlangoni, yeye ameshajua kiuno chako ni inchi ngapi. Wateja wengine walilalamika kwamba wanapimwa bila ruhusa. Tepu ikija kupima, jibu ni lilelile.

Basi, mwaka huu shule ya mtaa wa pili iliwapa kazi nono. Suruali arobaini za sare. Kitambaa kililetwa na shule yenyewe, na siku ilikuwa imepangwa: Jumatatu shule inafunguliwa, watoto wavae.

Sasa, kitambaa hicho kilikuwa na uso na mgongo. Uso unang'aa kidogo, mgongo umefifia. Kila fundi anajua cha kufanya. Unakikunja uso kwa uso, unachora, mkasi unapita mara moja, unapata mguu wa kushoto na wa kulia kwa pamoja. Usipokunja, ukavitandika vitambaa vyote uso juu, utapata miguu ya upande mmoja tu. Hilo ni somo la wiki ya kwanza. Hata mwanafunzi anayefagia vipande anachekwa akilikosea.

Jumanne asubuhi Mama Pindo akakaa kwenye cherehani. Akachukua kipande cha kwanza. Mguu wa kushoto. Akatafuta mwenzake. Kushoto. Akachukua kingine. Kushoto. Akainuka, akalipindua rundo zima mezani, akapekua mpaka chini.

"Mkasi."

"Naam, dada."

"Njoo hapa. Huu mguu gani?"

Mkasi akautazama. "Wa kushoto."

"Na huu?"

Akaugeuza huku na huku.

"Na huu? Na huu? Nionyeshe wa kulia mmoja tu, nikununulie soda."

Fundi viatu wa ng'ambo ya njia, ambaye mtaani anaitwa Soli, alikuwa amesimamisha nyundo yake hewani ili asikie vizuri. Akauliza kama shule imeamua watoto wote waje wakiruka kwa mguu mmoja. Akasema yeye yuko tayari, atatengeneza viatu vya kushoto vitupu, seti ikamilike. Watu wawili wakacheka. Mama Pindo hakucheka. Alikuwa anaangalia chini ya kitambaa, pale Mkasi alipokuwa ameegemeza mkono. Simu ilikuwa imefichwa pale, kioo kinawaka, na juu ya kioo kindege chekundu kilikuwa kinapaa.

Kile kindege nani asiyekijua siku hizi? Kinapanda kwenye simu. Kadiri kinavyopanda, ndivyo unavyoambiwa hela yako inaongezeka. Unatakiwa uruke, yaani utoe hela yako, kabla hakijapotea. Ukichelewa nukta moja kimekwenda, na ulichoweka kimekwenda nacho. Mzunguko mmoja hauzidi muda wa kupiga chafya mara tatu. Halafu kinaanza tena. Kinaanza tena asubuhi, kinaanza tena mchana, hakina Jumapili.

Mama Pindo akajua. Mdogo wake alikuwa amekata suruali arobaini jicho moja likiwa kwenye kindege.

Na hii haikuwa mara ya kwanza. Miezi sita nyuma, mke wa Mkasi alikuja kwa wifi yake akiwa na mtoto mgongoni. Alisema mume wake halali, anatembea na simu mpaka chooni, ukimuuliza anafoka. Alidhani kuna mwanamke. Mama Pindo naye alidhani kuna mwanamke. Walipogundua ni kamari, karibu washukuru. Wakaita kikao cha ukoo. Wajomba wakamkalisha Mkasi katikati kama mwizi wa kuku. Kila mmoja akasema lake: mvivu, mjinga, hana aibu, anataka vya mkato. Wakamuapisha. Dada akamlipia alichokopa, mambo yakaisha, wakanywa chai.

Baada ya wiki tatu akarudi kulekule, ila sasa akawa hodari wa kuficha. Kikao kilimfundisha jambo moja tu: usikamatwe.

Sasa Mama Pindo alisimama mbele ya rundo la miguu ya kushoto, akahisi kama kuna mtu amemmwagia maji ya moto kifuani. Akasema maneno. Akamwambia Mkasi kwamba mkono uliomfundisha kukata unajuta. Akamwambia atoke, na asiiguse meza ile tena.

Mkasi hakubisha. Aliweka mkasi mezani taratibu, akaipangusa chaki vidoleni.

"Sawa, dada. Mkinikosa msihangaike kunitafuta."

Akatoka. Mama Pindo akaona ni maigizo. Akavuta kiti, akakaa, akaanza kufikiri atamwambia nini mwalimu mkuu.

Haikupita nusu saa, akaingia muuguzi wa kituo cha afya. Ni jirani, nyumba ya tatu. Alikuwa amekuja kupanua sare yake ya kazi, kwa sababu vifungo vya mbele vilikuwa vinamwonyesha wazi kwamba amenenepa. Akakuta nguo zimemwagika kila mahali na fundi ana macho mekundu. Akauliza. Mama Pindo akamweleza yote, kuanzia kindege mpaka miguu ya kushoto, sauti ikipanda. Akamalizia na yale maneno ya mwisho ya Mkasi, akiyaiga kwa kumdhihaki.

Muuguzi aliiweka sare chini.

"Alisema hivyohivyo?"

"Hivyohivyo. Anataka nimwonee huruma."

"Mpigie simu sasa hivi."

"Sista, mwache kwanza ajifunze."

"Mama Pindo, mpigie."

Simu ililia mpaka ikakata. Wakapiga tena. Muuguzi akamshika Mama Pindo mkono, wakatoka mbiombio, mlango wa bati wakauacha wazi. Soli akauliza kuna nini, akajibiwa alinde duka. Akaenda kusimama mlangoni, nyundo bado mkononi.

Walimkuta nyumbani kwake, chumbani, amekaa ukingoni mwa kitanda na viatu miguuni. Mke wake alikuwa ametoka na mtoto. Simu ilikuwa sakafuni, imezimwa. Hakuwainulia macho.

Muuguzi akavuta ndoo, akaipindua, akakaa mbele yake. Akamwambia amekuja kama jirani, na pia kama muuguzi. Halafu akauliza, kwa sauti ileile ya kuuliza mtu anaumwa wapi:

"Mkasi, umekuwa ukifikiria kujiua?"

Mama Pindo alishtuka, akamvuta muuguzi bega. Alijua kabisa kwamba neno hilo halitamkwi, ukilitamka unamtia mtu wazo. Muuguzi akatikisa kichwa. Akamwambia, bila kumwondolea Mkasi macho, kwamba ni kinyume chake. Kumuuliza mtu hakumpi wazo. Kunampa nafasi ya kulitua.

Mkasi alivua kiatu kimoja, akakiweka chini. Kisha akasema, "Ndiyo."

Akasema tangu mwezi uliopita. Akasema leo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Akasema akifumba macho anakiona kindege, akifumbua anamwona dada, na hajui kipi kibaya. Akaanza kulia, kilio cha mtu asiyezoea kulia. Mama Pindo alikaa sakafuni palepale akamshika miguu. Maneno yote aliyomtupia asubuhi yalikuwa yanamrudia moja moja, na kila moja lilikuwa na makali.

Hawakumwacha peke yake. Walikwenda naye kituo cha afya mchana uleule, watu watatu wameongozana. Daktari akazungumza naye, akaongea pia na mke wake alipofika. Wakapanga nani atakaa naye leo, nani kesho, na wampigie nani hali ikiwa mbaya. Baada ya hapo muuguzi akawakalisha wote kwenye chumba kidogo chenye benchi na mizani ya watoto. Akasema sasa tuongee kuhusu ugonjwa.

"Ugonjwa upi?" akauliza Mama Pindo. "Malaria ni ugonjwa. Kisukari ni ugonjwa. Huyu anashika simu kwa mkono wake mwenyewe."

Muuguzi hakukasirika. Alieleza kwamba kuna watu wanacheza kamari mara moja moja na kuacha. Wengine kichwa kinanasa. Hali hiyo inaitwa uraibu, kama wa pombe au sigara, ila huu hauna harufu na hauleti macho mekundu, ndiyo maana familia inachelewa kuuona. Akataja dalili, na kila aliyoitaja mke wa Mkasi aliitikia kwa kichwa. Anaiwaza kila saa. Anaongeza kiasi kwa sababu kile cha mwanzo hakimsisimui tena. Anacheza ili arudishe alichopoteza. Akijaribu kuacha anakuwa mkali, halali. Anadanganya watu anaowapenda. Kazi aliyoimudu inaanza kumshinda.

"Miguu ya kushoto," akasema Mkasi kwa sauti ndogo. Alikuwa ameinama.

"Hiyo pia ni dalili," akasema muuguzi. "Ya ufundi."

Kwa mara ya kwanza tangu wafike kituoni mtu alitabasamu. Mama Pindo bado alikuwa na hasira, ila hajui aiweke wapi. Akauliza, kama ni ugonjwa, mbona yeye anayaona matangazo barabarani, anayasikia redioni, na haumwi? Kwa nini huyu?

Mkasi mwenyewe ndiye aliyejibu. Alisema si kwamba yeye ni mjinga. Alisema angekuwa anashindwa tu kila siku angeacha zamani. Tatizo ni kwamba kila mara anakuwa karibu. Juzi alikosa kwa nukta moja. Wiki iliyopita alibeti timu sita za mpira, tano zikashinda, ikamwangusha ya sita dakika ya mwisho.

"Nilikuwa karibu, sista. Bado kidogo tu."

Muuguzi akaomba aione simu. Mkasi akaiwasha. Haikumaliza hata kutulia, zikaingia meseji nne, zote za kampuni ileile. Muuguzi akasoma mojawapo kwa sauti: "Rafiki, jana ulikuwa karibu sana! Karibu tena leo, tumekuwekea zawadi."

Akairudia polepole. "Sikieni hilo neno. Karibu. Lina kazi mbili. Karibu, maana yake ingia ndani. Na karibu, maana yake bado kidogo upate. Wanakupa zote mbili kwenye mstari mmoja. Lakini kwenye kamari hakuna bado kidogo. Kuna kupata na kukosa. Ukikosa kwa nukta au ukikosa kwa maili, umekosa vilevile, na mzunguko ujao hauna habari na uliopita. Kindege kinaongozwa na kompyuta. Hakikujui. Hakikusogelei."

Akaeleza kwamba ubongo wa mtu ndio unaodanganyika. Ukikosa kwa kidogo, ubongo unawaka kama vile umeshinda. Na wanaotengeneza michezo hii wanalijua hilo fika, ndiyo maana wanahakikisha unakosa kwa kidogo mara nyingi. Zile taa, ule mlio, zile meseji za siku ya mshahara, hakuna kilichotokea kwa bahati.

Mke wa Mkasi akauliza wanajuaje siku ya mshahara. Muuguzi akasema wanaangalia siku ambazo huwa unaweka hela, basi. Simu inakuchunguza kuliko mkeo.

"Mtu mmoja akiumwa malaria tunampa dawa," akaendelea. "Lakini mtaa mzima ukiumwa malaria, hatukai kuuliza nani mzembe. Tunatafuta dimbwi la mbu. Kwenye kituo hiki mwaka huu nimepokea mwalimu, mlinzi, mama muuza mboga na kijana wa chuo, wote kwa tatizo hili. Halafu sisi tunawaita vikao na kuwaapisha. Hii ni afya ya jamii, ndugu zangu. Si tabia mbaya ya mtu mmoja."

Mama Pindo alikuwa hamsikilizi tena. Alikuwa ameishika ile simu, anaangalia rangi. Kijani. Kijani kile cha kuumiza macho. Na maneno yaleyale.

"Dimbwi liko kwenye ukuta wangu," akasema.

Hapo ndipo hasira yake ilipopata anwani.

Kesho yake asubuhi hakushona. Alinunua kopo la chokaa, akakopa ngazi kwa Soli, akaanza kusugua ukuta. Soli akamshikia ngazi. Watu wakasimama kutazama. Alipofika kwenye herufi ya pili akatokea kijana wa fulana ya kijani, yule anayezungukia mtaa kuangalia matangazo ya kampuni. Akamsalimia kwa adabu, shikamoo mama, marahaba, kisha akasema huo ukuta una makubaliano.

"Makubaliano gani? Nilitia sahihi wapi?"

Kijana akasema tulikubaliana kwa mdomo, na rangi ni ya kampuni. Mama Pindo akampa kipande cha rangi kilichobanduka, akamwambia rangi yao hiyo hapo, nyingine anawabandulia.

Kijana akajaribu kwa upole. Akasema kampuni inatoa burudani tu, mtu mzima anajichagulia.

"Mtu mzima gani?" Mama Pindo akashuka ngazi. "Ukuta huu unatazama njia ya shule. Watoto wa darasa la pili wanajifunza kusoma kwa kutumia maneno yenu. Mimi mwenyewe nimewasikia hapa nje wakisoma ka-ri-bu u-shi-nde, nikawasifu wamejua kusoma."

"Lakini mama, huwa tunaandika pale chini, cheza kistaarabu."

"Pale chini wapi?"

Kijana akaonyesha. Kulikuwa na mstari mwembamba karibu na mfereji, umefunikwa na matope.

"Mwanangu, mimi natunga uzi kwenye sindano bila miwani, na hayo maandishi siyaoni. Yule mnayetaka aingie mmemwandikia herufi za futi mbili. Yule mnayetaka ajihadhari mmemwandikia za sisimizi. Mdogo wangu jana nusura nimzike. Nenda kamwambie aliyekutuma."

Kijana akapiga picha ya ukuta kwa simu, akaondoka. Kusema ukweli, hata yeye alionekana kama mtu ambaye angependa kazi nyingine.

Tiba ya Mkasi haikuwa ya siku moja. Hakuna sindano ya kamari. Daktari alimpa dawa ya kumsaidia na huzuni iliyokuwa imemkalia, na kila Alhamisi mchana alikaa na kundi la wenzake kituoni, wanaongea, hakuna anayemcheka mwenzake. Nyumbani walikubaliana, yeye mwenyewe akiwa amekubali, kwamba mkewe ndiye atakayetunza hela kwa muda. Simu yenye intaneti ikabaki kwa mke, yeye akabeba ile ndogo ya tochi. Na safari hii dada hakumlipia mikopo. Muuguzi alisema kumlipia kila mara ni kumsafishia njia ya kurudi kulekule. Badala yake alikaa naye wakapanga atakavyolipa mwenyewe, kidogo kidogo.

Halafu ikaja kazi ya kufunga akaunti. Hapa naomba ukae vizuri, maana hapa ndipo damu inampanda mtu kichwani. Kujiunga kulimchukua Mkasi dakika moja, tena akapewa na zawadi. Kujitoa kulimchukua siku tisa. Andika ombi. Thibitisha. Subiri. Una uhakika? Tutakukumbuka. Siku ya saba wakamtumia bonasi asiyoiomba. Mke wake ndiye aliyekuwa ameshika simu. Aliisoma, akaifuta, akaandika ombi tena, meno yameumana.

Na zile suruali? Mama Pindo alikwenda shuleni akamweleza mwalimu mkuu ukweli wote. Hakusema cherehani imeharibika, kama alivyokuwa amepanga. Mwalimu mkuu alikuna kichwa, akasema na yeye ana shemeji wa hivyo, na akaongeza wiki moja. Mama Pindo akanunua kitambaa cha miguu ya kulia kwa hela yake. Mkasi ndiye aliyekata. Muuguzi alikuwa ameshamwambia dada kwamba kumnyang'anya mtu kazi anayoiweza si tiba. Ile miguu ya kushoto iliyozidi wakaikata upya, ikawa kaptula za darasa la kwanza, na shule ikazinunua. Soli alipoziona zimetundikwa, akasema ni vizuri, sasa watoto wana uhuru wa kutumia miguu yote.

Jambo lingine likafuata. Kundi la Alhamisi, pamoja na muuguzi, mwalimu mkuu na mafundi wa mtaa, waliandika barua kwa ofisi ya serikali ya eneo. Waliomba kitu rahisi: matangazo ya kamari na vibanda vya kubeti visitazame shule wala kituo cha afya. Mama Pindo hakuwahi kuandika barua ya ofisi maishani. Alisema maneno, mwalimu akayanyoosha. Walizungushwa wiki kadhaa, njoo kesho, bosi hayupo. Mwisho kibanda kimoja, kile cha mbele ya lango la shule, kikaondolewa. Kimoja tu. Kuna vingine vinne. Mama Pindo anasema bado ana pumzi, na wino upo.

Mkasi alianza kulala. Alianza kula na kusifu chakula. Mtoto wake alizoea kupandishwa mabegani jioni. Miezi minne ikapita.

Asubuhi moja, Alhamisi, Mama Pindo alipofika dukani alimkuta Mkasi amesimama nje, mikono mfukoni, amefika kabla yake. Hilo halijawahi kutokea.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Jana nimeteleza."

Aliomba simu ya fundi mwenzake, akasema anapiga mara moja, akakaa nayo saa nzima akicheza kindege. Alichokuwa nacho mfukoni chote kilikwenda. Aliyasema hayo akiangalia chini, lakini aliyasema yote.

Mama Pindo alihisi yale maji ya moto yanaanza kupanda kifuani. Maneno ya zamani yalikuwa yamejipanga ulimini, yanasubiri ruhusa. Akayameza. Muuguzi alikuwa amewaeleza kwamba wengi huteleza njiani, kama mgonjwa wa mguu anayejifunza kutembea. Kuteleza hakufuti hatua alizopiga. Kinachoua ni kuficha.

Hakumuuliza ni kiasi gani.

"Mkeo anajua?"

"Nilimwambia jana ileile. Na sista nimempigia asubuhi."

Watu walikuwa wanapita kwenda kazini. Soli alikuwa anafungua banda lake, masikio wazi kama kawaida. Zamani Mama Pindo angemvuta mdogo wake ndani, angefunga mlango, angenong'ona. Sasa alisimama palepale, akamtazama usoni, akauliza kwa sauti yake ya kila siku.

"Unafikiria kufa?"

Mkasi akainua macho.

"Hapana, dada. Usiku kucha nilikuwa nafikiria jinsi ya kukuambia."

Mama Pindo akamkabidhi Soli ufunguo, akamwambia wateja wakija wasubiri, au warudi mchana. Kisha akamshika mdogo wake mkono, wakaelekea kituo cha afya.